Mjadala: Doria ya usiku, kila kaya ilipe kwa lazima au tuwaachie polisi?

Mtoa mada, Ilomba

Wadau, naleta hoja inayogawanya watu kwenye mitaa mingi hapa Mbeya. Nyumba mbili tatu zikivunjwa mfululizo, mkutano wa mtaa unafika palepale: kila kaya ichange Sh 2,000 kwa mwezi, tuweke vijana wanne wa doria. Wapo wanaolipa, na wapo wanaogoma kwa sababu kodi wanalipa na polisi wapo.

Mimi nasema iwe lazima. Polisi Jamii ilipoanzishwa mwaka 2006, enzi za Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, msingi wake ulikuwa huohuo: askari hawawezi kusimama kila kona, raia awe jicho la kwanza. Polisi kata ni mmoja na mitaa ya kata ni mingi. Saa nane usiku, ukungu umeshuka, nani yuko kichochoroni? Anayegoma analindwa kwa fedha ya jirani yake, na hiyo si haki.

Mkazi wa Iyunga

Lazima kwa sheria ipi, ndugu yangu? Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo, mtaa wa mjini hauna. Mjini sheria ndogo zinatungwa na halmashauri na lazima waziri aziridhie. Mwenyekiti anayemnyima mtu barua ya utambulisho kwa sababu hajalipa ulinzi anatoa adhabu asiyo na mamlaka nayo.

Halafu tupige hesabu. Mtaa wa kaya 200 kwa Sh 2,000 ni Sh 400,000. Wakilipa sita kati ya kila kumi, unabaki na Sh 240,000. Gawa kwa vijana wanne: kila mmoja Sh 60,000, yaani Sh 2,000 kwa usiku mmoja wa baridi ya Julai, na hapo betri za tochi, makoti na viatu havijanunuliwa. Mwezi wa tatu wawili wameacha. Wanaobaki ni wale wasio na pa kwenda, na wanajua nani kasafiri, mbwa wa nani kafa, geti gani halifungi. Mnawapa ramani ya mtaa mzima kwa malipo yasiyomtosha mtu chakula.

Mkazi wa Mtwivila, Iringa

Ndiyo maana zamu ni bora kuliko mshahara. Kaya 200, watu sita kila usiku: kila kaya inafikiwa mara moja kwa siku 33 hivi. Wazee, wagonjwa na mama anayeishi na watoto peke yake wanasamehewa. Asiyeweza kutoka analeta mtu anayejulikana, au analipia zamu yake na kupewa stakabadhi. Anayekesha nje usiku mmoja kwa mwezi hana njaa ya kumsukuma kuuza siri za majirani.

Watu hupenda kutaja sungusungu, ule ulinzi wa jadi wa wanavijiji. Ilianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yakaipa uwezo wa kukamata. Lakini kule walikuwa wanafuata ng'ombe, na kila mtu anamjua mwenzake hadi babu yake. Mtaa wa wapangaji wanaohama kila miezi sita ni kitu kingine. Huku bila daftari la wakazi linalojazwa kweli, mlinzi hawezi kumtofautisha mpangaji mpya na mgeni asiye na shughuli.

Mwanasheria, Forest

Nimesoma michango yote na naona tunabishana juu ya fedha wakati tundu liko kwingine. Malalamiko makubwa mitaani ni kwamba mwizi anakamatwa, baada ya siku tatu yuko kijiweni. Watu wanasema polisi wamehongwa. Huenda ipo hivyo mara nyingine, lakini mara nyingi sababu ni mbili na zinaelezeka.

Ya kwanza ni dhamana. Kuvunja nyumba na kuiba ni kosa linalodhaminika, tofauti na unyang'anyi wa kutumia silaha. Kumwona mtuhumiwa mtaani hakumaanishi kesi imekufa.

Ya pili ni ushahidi, na hapa ndipo doria zetu zinapoharibu. Mahakama ya Rufani iliweka masharti ya kumtambua mtuhumiwa usiku tangu kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980. Shahidi ataulizwa: ulimwona kwa muda gani? Mlikuwa umbali gani? Mwanga ulikuwa wa nini na mkali kiasi gani? Ulikuwa unamfahamu kabla? Shahidi akijibu "kulikuwa na mwanga wa kutosha" na kuishia hapo, amempa mshtakiwa mlango wa kutokea. Aseme: taa ya umeme juu ya mlango wa jirani, hatua sita, nilimwona usoni alipogeuka, namfahamu kwa sura, anaosha pikipiki pale njia panda. Na jina alitaje usiku uleule kwa wa kwanza kufika, maana kuchelewa kumtaja kunatia shaka.

Upande wa mali ni vilevile. Mtu akikutwa na televisheni yako, lazima uithibitishe kuwa ni yako. "Naifahamu" haitoshi, zipo maelfu za aina ile. Kwa hiyo kila kaya iandike namba iliyoko nyuma ya televisheni, namba ya IMEI ya simu (bonyeza *#06#), hata namba iliyogongwa kwenye mtungi wa gesi, ila hiyo uiandike upya kila unapobadilisha mtungi. Mtu wa doria asibebe kielelezo, yaani kitu kilichokamatwa, kukipeleka kwa mwenyekiti, kisha kwa mwenye mali, kisha kituoni. Kila mkono unaokigusa bila maandishi unaipunguzia kesi nguvu.

Na kumpiga? Raia anaruhusiwa kukamata, lakini anatakiwa kumkabidhi aliyekamatwa polisi bila kuchelewa, na kutumia nguvu ya kumzuia asitoroke tu. Mkimvunja mguu mmeongeza kesi ya pili, nyinyi ndio watuhumiwa. Akifa, ni mauaji. Watu wanachomwa moto kwa kelele ya "mwizi" na hakuna aliyeuliza kaiba nini.

Mkazi wa Uyole

Kaka wa Forest umegusa mwanga, niongezee. Taa ya wati 9 juu ya mlango, ikiwaka saa 11 kila usiku, inakula kama uniti 3 kwa mwezi. Hata asiye kwenye tarifa ya watumiaji wadogo hafikishi Sh 1,500. Kabla ya kuajiri mtu yeyote, kila nyumba iwashe moja inayotazama njia, siyo inayomulika ukuta wake mwenyewe.

Muda nao tunaukosea. Doria nyingi zinachangamka saa nne usiku watu wakiwa bado macho, zinazima saa tisa. Akina mama wa sokoni wanatoka saa kumi na moja kasoro wakiwa na mtaji kiunoni, na hapo hakuna mlinzi. Tena masika: mvua ikipiga bati husikii hata dirisha la sebuleni kwako likichokolewa. Mlinzi kajikunyata kwenye baraza, mwizi anang'oa nondo taratibu kwa mtaimbo, kelele yote inamezwa na bati. Usiku wa mvua ndio wa kuongeza watu, sisi tunawaruhusu walale. Njia pia ibadilishwe kila usiku, doria inayopita palepale saa ileile inamsaidia mwizi kupanga.

Mtoa mada, Ilomba

Neno "lazima" naliondoa, sheria imenishinda. Pendekezo langu sasa: zamu za kaya, taa ya nje kila nyumba, daftari la mali linalokaa kwa mwenye nyumba mwenyewe, na daftari la doria lenye saa, majina ya waliotoka, waliyemsimamisha na kwa nini. Polisi kata awe analisaini daftari la doria kila wiki. Fedha ichangwe kwa hiari, ya tochi, firimbi na makoti pekee.

Mkazi wa Iyunga

Hapo nakuunga mkono, isipokuwa jambo moja. Hilo la "waliyemsimamisha na kwa nini" liwe na safu ya tatu: aliachiwa saa ngapi au alikabidhiwa kwa nani. Kijana wa bodaboda akisimamishwa mara tano kwa mwezi na hana kosa, iandikwe, tuisome mkutanoni mbele yake. Asipokuwa na pa kulalamika, siku akiona dirisha linavunjwa hatapiga simu 112, wala hatatuamsha.