Mrejesho: Muziki uliokuwa unasikika kama umefunikwa blanketi

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini muziki wangu wa kompyuta unasikika butu ilhali nimenunua amplifaya na spika nzuri. Asanteni sana kwa kunijibu, mmenitoa mbali.

Aliyesema niache kutuma muziki kwa Bluetooth alikuwa na haki. Nilishuka Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, nikachukua DAC ndogo ya USB (kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi), nikaiunganisha kwa waya hadi kwenye amplifaya. Tofauti ipo, ila si kubwa kama nilivyotarajia. Kilichonishangaza ni ule ushauri usiogharimu hata shilingi: kuzitoa spika kwenye kona. Nilizisogeza kama sentimita 50 kutoka ukutani, tweeta (zile spika ndogo za sauti nyembamba) zikawa usawa wa masikio nikiwa nimekaa. Besi ikaacha kuvuma. Kwenye rumba moja ya zamani nikasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa. Miaka yote hiyo sikuwahi kuvisikia!

Nilipokosea: niligeuza MP3 zangu za kbps 128, ambazo hubanwa kwa kukata sehemu ya sauti, kuwa FLAC, aina ya faili isiyokata kitu. Faili zikavimba, sauti ikabaki ileile, maana kilichokwisha kukatwa hakirudi. Sasa nanakili upya kutoka CD zangu kwa ubora wake kamili, biti 16 na kHz 44.1, na hapo ndipo raha ilipo.

Ila mvumo mwingine wa chinichini, wa umeme, bado upo kwenye spika. Nikichomoa chaja ya kompyuta unanyamaza, nikiichomeka unarudi, kwa hiyo aliyeshuku mzunguko wa ethi (umeme kuzunguka kupitia nyaya za ethi za vifaa vilivyounganishwa) alilenga penyewe. Sijapata dawa yake. Kwa sasa nasikiliza kwa betri.