Je, Wamarekani walitazama ndondi bure?

Muulizaji, Dodoma:
Ndugu zangu, juzi katika kibanda umiza cha hapa Majengo, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi baada ya kila mmoja kutoa shilingi 500 mlangoni, mzee mmoja alidai kwamba zamani Wamarekani walitazama ndondi bure. Ni kweli? Nini kilibadilika?

Jibu la kwanza:
Mzee yuko sahihi. Pambano la marudiano la Muhammad Ali na Leon Spinks, Septemba 1978, lilirushwa na ABC, kituo cha bure cha televisheni, na watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 90. Hata hivyo, kituo cha bure huishi kwa matangazo, na pambano linaweza kwisha raundi ya kwanza kabla matangazo hayajapita. Mapromota nao waliona faida kubwa zaidi katika kumtoza mtazamaji kwa kila pambano, kama pambano la Mayweather na Pacquiao lilivyonunuliwa na watazamaji mara milioni 4.6 mwaka 2015.

Jibu la pili:
Mkuu, mwaka huohuo waandaaji wa mapambano Premier Boxing Champions waliirudisha ndondi kwenye kituo cha bure cha NBC kwa kukilipa kituo wenyewe, badala ya kulipwa nacho. Ni kama bibi harusi kujitolea mahari!

Muulizaji:
Ahsanteni. Nilimbishia mzee bure; nitamwomba radhi.