Bustani ya nyumbani na kuhifadhi mboga hapa Goma: tupeane uzoefu

Mama wa Mapendo
Bwana asifiwe, bamama na bapapa. Mvua ikishika, lengalenga (mchicha) za kwetu zinakomaa zote pamoja, tunakula mchana na jioni mpaka watoto wananuna. Mwezi wa saba ukifika tunarudi sokoni Virunga kununua kama watu wasio na bustani. Naomba tupeane uzoefu: unapanda wapi, unahifadhi vipi, na maombi yanaingia wapi katika kazi hiyo?

Nianze mimi. Tunakaa juu ya lava ya mlima Nyiragongo ya Januari 2002, ile iliyokata mji katikati mpaka ziwani. Jembe halina kazi hapa. Udongo tulinunua, ukaja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tukajaza magunia. Katikati ya gunia unasimamisha mkebe wa maziwa uliotobolewa chini na juu, unaujaza vijiwe vya lava, unazungushia udongo uliochanganywa na mbolea ya sungura. Kisha unauvuta mkebe juu, unajaza tena, hivyo hivyo hadi gunia linajaa. Mkebe unatoka, nguzo ya mawe inabaki, na maji ukimwaga juu yanafika mpaka chini. Ubavuni natoboa matundu ya shu (kabichi) na seleri, juu lengalenga.

Kukausha: nachuma kabla hazijatoa maua, naosha, nachovya dakika mbili katika maji ya moto yenye chumvi, naanika juu ya ukuta wa mawe. Haya mawe meusi yanabaki na joto hata jua likiingia mawinguni. Sala yangu ni fupi, kabla ya kupanda na kabla ya kuchuma. Bwana anajua mikono ina udongo.

Yaya wa Himbi
Aksanti mama, lakini toa hizo mboga juani! Jua kali linaharibu vitamini A, na majani yanapauka. Mimi naanika kivulini, barazani penye upepo. Ukifikicha jani likavunjika kwa sauti, limekauka. Likikunjika tu, liache, litaota ukungu ndani ya sashe (mfuko wa plastiki). Na wale wanaoanikia kwenye chandarua cha zamani, jamani, vile vya kugawiwa vina dawa ya mbu. Tafuteni kitambaa safi au ungo.

Mama wa Mapendo
Ukuta wangu siuachi, yaya 😀 Nitafunika kitambaa juu.

Ndugu wa Katindo
Nauliza bila ugomvi. Kutoka 16: mana iliyowekwa mpaka asubuhi ilitoa mabuu na kunuka. Sisi tunaoomba riziki ya kila siku tunaweka akiba ya miezi. Si kukosa imani huko?

Papa wa Keshero
Ndugu, soma sura hiyohiyo mpaka mwisho. Siku ya sita waliambiwa waokote mara mbili, waoke, wachemshe, kinachobaki wakiweke. Kesho yake hakikunuka. Aliyekataza ndiye aliyeagiza. Na Yosefu kule Misri alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe miaka yote saba ya shibe. Hakuna aliyemwambia hana imani.

Mimi ni mtu wa maharagi. Yakauke mpaka jino lisiache alama. Zamani tulichanganya na majivu ya kuni yaliyochekechwa, wadudu wanashindwa kupita kati ya punje, na mpaka leo inafaa. Siku hizi nashindilia katika bidoni (dumu) kavu mpaka mdomoni, nafunga kabisa. Hewa ikiisha ndani, wadudu wanakufa wenyewe. Ila bidoni ikiwa na unyevu hata kidogo, usijaribu.

Mama wa Ndosho
Mimi jibu langu ni mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia hapa Goma. Maji hakuna, umeme hakuna, kutoka nje hakuna, risasi zinapita juu ya mabati. Nilikuwa na lengalenga kavu, sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) kavu na unga. Jirani alikuja na watoto, mwingine naye akaja. Nilipima kwa kikombe, chungu kimoja, maji kidogo ya mvua. Tulisali chini ya meza. Akiba niliyoipangia mwezi iliisha mapema sana, na sikuihesabia mtu yeyote.

Dada wa Kadutu, Bukavu
Nyinyi wa Goma mna mawe, sisi tuna mteremko. Mvua moja kubwa na kitalu kiko kwa jirani wa chini. Tunapiga matuta ya kukinga, tunapanda majani ya ng'ombe ukingoni. Kukausha ni shida, jua la kutegemea ni Juni mpaka Agosti. Kwa hiyo shu nakata nyembamba, kilo moja gramu 20 za chumvi, nasugua mpaka itoe maji yake, nakandamiza kwa jiwe lililochemshwa izame kabisa. Baada ya wiki moja au mbili imechachuka vizuri. Kinachotokeza juu ya maji ndicho kinachooza.

Malimbuko natoa kabla ya kugusa chumvi. Shu ya kwanza inaenda kanisani nzima, na mara nyingi inaishia kwa mjane wa shirika letu.

Kijana wa Mugunga
Mimi sombe (majani ya muhogo) naipika na mawese, natia katika chupa ikiwa moto, nafunga. Naweza kuiweka mwezi?

Yaya wa Himbi
Hapana, kijana! Sombe haina uchachu, na ndani ya chupa hakuna hewa. Hapo ndipo vijidudu vya botulizimu vinapozaana, na sumu yao inaweza isitoe harufu yoyote. Mbegu zao hazifi kwa kuchemsha, zinataka nyuzi 121, na hapa kwetu karibu mita 1,500 juu ya bahari maji yanachemka kwenye 95 tu. Sombe ni ya kupika na kula, au friji kama umeme unakubali.

Kijana wa Mugunga
Na hizi chupa nilizokwisha kujaza?

Yaya wa Himbi
Zitupe zilivyo, usionje, usimpe mbwa. Ukipata chupa nyingine, tia pilipili na siki.