Naomba ushauri: breki ya mbele bado inabonyea baada ya kutoa hewa

Habari za leo wakuu. Nimebadilisha mpira unaopitisha oili ya breki ya mbele ya pikipiki yangu, na tangu hapo mkono wa breki umekuwa laini, unakaribia kugusa usukani.

Nimetoa hewa mwenyewe kwa njia ya kawaida: mpira mwembamba angavu kwenye skrubu ya kutolea hewa ya kalipa (kifaa cha gurudumuni kinachobana pedi za breki), mwisho wake umezama kwenye chupa yenye oili ya breki. Nabana mkono, nafungua skrubu kwa spana namba 8, naifunga, ndipo naachia. Kikopo cha oili cha juu sijakiacha kikauke hata mara moja. Oili ni DOT 4 mpya, kama kifuniko kinavyoagiza, na washa za shaba (ringi za kuziba kiungo cha mpira) nimeweka mpya pande zote mbili.

Kinachonichanganya ni hiki: nikibana haraka mara tatu nne, mkono unakuwa mgumu. Nikiuacha kidogo, unalegea tena. Juzi niliufunga na kamba ukiwa umebanwa usiku kucha. Asubuhi ulikuwa mzuri, kufika jioni hali ikarudi. Hakuna mahali panapovuja.

Je, hewa inaweza kuwa imejificha kwenye kiungo cha juu, karibu na masta silinda (pampu ya oili iliyo kwenye mkono wa breki)? Kuna aliyewahi kusukuma oili kutoka chini kwenda juu kwa bomba la sindano akafanikiwa? Au nianze kushuku raba za ndani ya masta?

Pikipiki nimeiegesha, siiendeshi mpaka breki ikae sawa.