Naomba ushauri: vijana waelezweje picha ya Kupashwa Habari kwa Bikira Maria iliyoko Uffizi?

Ndugu zangu, salaam. Ninaandaa ziara ya vijana wa jumuiya yetu hapa Italia kwenda makumbusho ya Uffizi, Florence, na ninaomba ushauri wa wenye uzoefu wa kuongoza watu mbele ya sanaa ya dini ya zama za kati.

Picha ninayotaka tuitazame kwa utulivu ni Kupashwa Habari, iliyochorwa juu ya mbao mwaka 1333 na Simone Martini pamoja na shemeji yake Lippo Memmi, kwa ajili ya altare ya Mtakatifu Ansano katika kanisa kuu la Siena. Salamu ya malaika Gabrieli imeandikwa kwa Kilatini, ikitoka kinywani mwake na kukatiza mandhari ya nyuma, ambayo ni dhahabu tupu isiyochorwa kitu, hadi kwa Maria, ambaye amejikunja upande kwa hofu, mkono mmoja ukikamata joho lake karibu na shingo, na kidole gumba cha mkono wa pili kikiwa bado kimeshika ukurasa aliokuwa akiusoma. Kwangu mimi, kidole hicho kinaeleza mshtuko wake kuliko uso wenyewe.

Hofu yangu ni kwamba vijana waliozoea picha zenye anga, vivuli na umbali wataiona dhahabu ile kama pambo tu, wakapita. Je, nianze na Injili ya Luka, ambayo wanaifahamu, au niwaeleze kwanza jinsi mafundi walivyobandika karatasi za dhahabu na kuzichapa nakshi? Na je, kundi lisimame wapi ili nakshi hizo zionekane vizuri?