Ndege ya fomubodi ya mita 2.4 imekunja bawa hewani. Nibadili mota?

tiara_arusha

Wakuu, heshima kwenu. Nina miezi minne naunda ndege ya rimoti ya fomubodi, yaani bodi ya povu iliyobandikwa karatasi pande zote mbili. Bawa liko juu, mita 2.4 toka ncha hadi ncha, upana wa bawa sentimita 38. Bodi ni zile za A1 za milimita 5 ambazo wanafunzi wa usanifu majengo hununua kwa ajili ya maketi (mifano midogo ya majengo). Gundi ya moto mwanzo mwisho. Ndani ya bawa nimepitisha bomba la alumini la sentimita 60, yaani 30 kila upande.

Mota 750 Kv (mizunguko 750 kwa dakika kwa kila volti), propela 12x6 (kipenyo inchi 12, hatua ya mzunguko mmoja inchi 6), betri ya lipo (lithiamu) seli nne 4000 mAh, spidikontrola (kifaa cha kudhibiti kasi ya mota) ya ampea 60. Nimepima ikiwa chini, gesi yote: ampea 37, wati 540. Uzito pamoja na betri ni kilo 3.4.

Jumapili nimeirusha kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Ilipaa kwa shida, gesi yote muda wote, nikipunguza kidogo tu inashuka. Dakika ya pili nikakata kona ya kushoto ili irudi, upepo ukaishika kwa nyuma, pua ikaanza kuzama, nikavuta stiki. Nikasikia mlio kama wa muwa unaovunjwa kwenye goti. Bawa la kulia lilisimama wima. Mota na risiva (kipokezi cha rimoti) ni vizima. Bawa limekatika sentimita 31 toka katikati, nimelipima nikiwa bado shambani.

Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyepaka rangi mkia, na nimemwahidi itaruka tena kabla shule hazijafunguliwa. Nawaza ninunue mota kubwa zaidi na betri ya seli sita. Naombeni ushauri kabla sijatuma hela.

mpwani_ohio

Pole sana kaka. Kabla ya mota, weka karatasi moja ya bodi yako kwenye mizani ya jikoni. Ramani nyingi za ndege za fomubodi zinatoka huku Ohio, Marekani, kwa Flite Test, kundi la wapenzi wa ndege za rimoti, na zimechorwa kwa bodi nyepesi za maduka ya Dollar Tree. Karatasi ya sentimita 51 kwa 76 nikiipima napata gramu 115 hadi 120, sawa na gramu 300 kwa mita moja ya mraba. Bodi za maketi ni ngumu na nzuri kwa nyumba za kuchezea, lakini ni nzito. Ukikuza ramani ya hapa kwa bodi ya huko, uzito unakutangulia.

tiara_arusha

Nimepima sasa hivi. A1 moja ni gramu 310. Eneo lake ni nusu mita ya mraba, kwa hiyo gramu 620 kwa mita. Ni maradufu ya yako.

foromali

Mwanangu, usitume hela. Mota yako haina kosa.

Mimi ni fundi seremala, Tanga, na ndege za bodi nimezianza nikiwa mtu mzima. Nilichokishika mapema zaidi ni majahazi, kwa baba. Itazame foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Katikati ni mnene, kadiri unavyokwenda nchani unapungua taratibu. Na mara nyingi si mti mmoja: miti inalazwa mmoja juu ya mwenzake kwa urefu wa kutosha, ndipo inafungwa kamba. Hakuna fundi anayeukomesha mti mnene ghafla, halafu akaacha mwembamba ubebe wenyewe kuanzia hapo. Bomba lako limeishia sentimita 30, bawa limekatika sentimita 31.

Fanya hesabu hii kwenye karatasi. Chukua ndege ya kilo 2.4, uzito tunaoulenga, siyo 3.4. Ukivuta stiki kwenye kona kali, bawa linaweza kubeba mara nne ya uzito huo, kilo 9.6. Nusu yake, kilo 4.8, iko upande mmoja, na ukiikusanya pamoja inakaa katikati ya nusu bawa, sentimita 60 toka kwenye kiwiliwili. Unene wa bawa lako nakisia kama sentimita 4.5. Basi 4.8 mara 60 gawa kwa 4.5, unapata 64. Yaani ngozi ya chini inavutwa kwa kilo 64 na ngozi ya juu inabanwa kwa kilo 64. Karatasi inastahimili kuvutwa. Kubanwa haiwezi, inajikunja kama shati. Ndege yako ya kilo 3.4 ilikuwa inadai kilo 90.

Sasa uunde hivi. Karatasi ya ndani ya bawa iondoe yote, ya nje iache. Pitisha kitambaa chenye maji, subiri dakika tano, anzia pembeni, vuta polepole ukiilaza karatasi nyuma, usiiinue juu. Ikigoma mahali, ongeza maji, usikwangue kwa kisu. Bodi iliyovuliwa upande mmoja utaikunja vizuri kwenye ukingo wa mbele wa bawa bila kuivunja. Nguvu ya bodi iko kwenye karatasi ya nje, ile ya ndani kwenye bawa ni mzigo tu.

Mhimili: kuta mbili za fomubodi zilizosimama, na juu na chini yake gundisha ufito wa msonobari wa milimita 10 kwa 3. Chagua mbao ambayo nyuzi zake zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Ukiona jicho la tawi, itupe. Ufito uende sentimita 90 kila upande, na sentimita 30 za mwisho uzichonge ziishe kama ncha ya mkuki. Hapo tumia gundi ya mbao, uibane kwa vibanio usiku kucha. Gundi ya moto iache kwenye ngozi na mkia, na hata huko ukishaimwaga ipanguse kwa kipande cha kadi. Nimeona ndege zimebeba robo kilo ya gundi tupu.

Seli sita kwenye mota hiyo hiyo utaiunguza, mizunguko itapanda kwa nusu. Propela nayo usiikuze kwa kukisia: kutoka 12x6 kwenda 13x6.5, kwa mizunguko ile ile, nguvu inayodaiwa inaongezeka karibu nusu. Wati 540 kwa kilo 2.4 ni wati 225 kwa kila kilo. Kwa ndege ya bawa pana kama hiyo, inapaa bila kulalamika. Na kumbuka uko mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya kwetu kwa asilimia kama 13. Kila kilo unayopunguza huko ina faida kubwa kuliko huku pwani.

mwewe254

Naongezea mambo mawili kutoka Nairobi. Sevo za mkia (vimota vinavyougeuza usukani wake) zenye gia za plastiki za gramu 9 usizirudishe kwenye ndege ya ukubwa huo, weka za gia za chuma. Na betri iliyopitia ajali ichunguze: ikiwa imevimba au volti za seli moja zimeachana na za wenzake, usiichaji ndani ya nyumba, itoe kazini. Halafu sisi huku tunaanzia KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kwenu ni TCAA ya Tanzania. Waulize kuhusu kibali kabla hujarusha kitu cha mita 2.4 karibu na makazi.

tiara_arusha

Mzee foromali, shikamoo. Wakuu wote, asanteni. Imenichukua wiki tatu.

Karatasi ilitoka kama ulivyosema, isipokuwa bodi mbili za mwisho zilikuwa za toleo jingine na gundi yake haikuachia maji, nikazirudisha dukani. A1 iliyovuliwa upande mmoja imesoma gramu 195. Msonobari niliupata kwa fundi wa vitanda, nikachagua fito nne kati ya kumi na saba. Ndege nzima na betri: kilo 2.46.

Kabla ya kuirusha nililigeuza bawa kifudifudi juu ya stuli mbili zilizosogezwa karibu, katikati tu ndipo likakalia. Nikapanga pakiti za sukari za kilo moja, moja kulia moja kushoto, toka katikati kwenda nje. Mtoto alikuwa anahesabu. Pakiti ya sita, kimya. Ya nane, ukasikika mlio mdogo wa gundi ya moto katikati, nikaacha kupumua. Ya tisa ikakaa. Ncha zilishuka sentimita 6, nilipoondoa sukari zikarudi zote.

Jana asubuhi, baada ya kibali na kabla upepo haujaamka, tumeirusha. Imepaa kwa gesi theluthi mbili. Nikiwa juu nilipunguza hadi chini ya nusu na ikaendelea kwenda, imetulia. Dakika 14 zimetumia 2,900 mAh, maana yake wastani wa ampea 12 na kitu. Kutua ilikuja polepole mno, binti yangu alikimbia kando yake pembeni ya shamba na karibu aifikie. Jioni aliandika jina lake chini ya bawa, na nimemwacha.

Swali moja limebaki. Upande wa juu wa bawa la kushoto, sentimita 5 toka kwenye kiwiliwili, karatasi ina mkunjo mwembamba wa sentimita 3 ambao sikuuona juzi. Nifungue bawa?

foromali

Marahaba mwanangu, hongera sana, na mpe hongera rubani mdogo.

Usifungue bado. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za huo mkunjo na uandike tarehe kando yake. Rusha mara tatu bila kona kali, uangalie kila ukitua. Ukibaki ndani ya alama, ni karatasi imejikalia tu, uzibe kwa selotepu. Ukivuka hata milimita mbili, gonga hapo kwa kidole usikilize kama ufito umeachana na ngozi, kisha uniletee picha.