Tetea wangu anasukuma yai halitoki, hagusi chakula. Nimsaidieje?

MamaZai_Makorora

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka kwa wenye uzoefu na kuku.

Nina tetea kishingo, chotara, mwekundu, mkubwa wa mwili. Ndiye mtagaji wangu mkuu, hajui kulalia, yeye ni kutaga tu. Jana asubuhi aliingia kiotani kama kawaida yake, akakaa mno, akatoka bila yai. Akarudi tena, akatoka tena mtupu. Mchana nikamkuta kasimama peke yake nyuma ya pipa la maji, mkia umeshuka, mgongo kaukunja, macho anayafumba.

Leo hali imezidi. Anatembea mapaja yameachana kama bata, mara anasimama anasukuma. Nimemkalia karibu nikamtazama: tundu la nyuma linafunguka na kufumba, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, kisha kinatoka kinyesi cheupe cha majimaji, kidogo tu. Upanga wa kichwani uliokuwa mwekundu umepauka. Nimemwekea pumba na dagaa, hata kuvitazama hataki. Maji anakunywa nikimsogezea mdomoni.

Wenzake sita ni wazima, wanakula na kuparura. Jambo jingine ambalo huenda likasaidia: wiki iliyopita alitaga yai lisilo na ganda, lile la ngozi tu, likapasukia kiotani.

Jirani kaniletea unga wa OTC, ile antibiotiki ya mifugo, anasema nichanganye kwenye maji niwape wote. Mama mkwe anasema tumchinje leo hii kabla hajawa kibudu. Namheshimu mama na hoja yake naielewa, lakini kuku huyu ndiye anayempa mwanangu yai la asubuhi, na kwa kweli nampenda. Nataka kumpigania hadi mwisho. Niko Tanga mjini, afisa mifugo wa kata kasafiri hadi Jumatatu.

Jembe_la_Singida

Pole sana dada. Mimi nahofia ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku unaoambukiza. Twanga majani ya mwarobaini na shubiri mwitu, changanya kwenye maji, wape wote leo leo kabla haujaenea. Mwaka juzi kwangu ulianza kwa kuku mmoja tu hivihivi, banda zima likaisha. Usichelewe.

Mfugaji_Kilifi

Pole dadangu, niko Kilifi hapa. Kabla ya dawa yoyote, hebu mshike umpapase taratibu pale chini ya tumbo, kati ya ncha ya kidari na ile mifupa miwili ya nyonga. Ukihisi kitu kigumu cha mviringo, basi ni yai limekwama. Usibonyeze! Likipasukia ndani umempoteza. Tuambie umepata nini.

MamaZai_Makorora

Nimempapasa. Kipo kitu, upande wa kushoto zaidi, kigumu kiasi. Tumbo lote lina joto. Nilipogusa pale alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwake.

BwanaMifugo_Mstaafu

Mwanangu, umemtazama vizuri kuku wako, na hilo limenirahisishia. Yai lamkwama. Upande wa kushoto ndiko kwenyewe, kwa sababu kuku hutumia mrija wa mayai wa kushoto tu, wa kulia haukui.

Ndugu wa Singida hofu yake ni ya haki, mdondo umetumaliza wengi. Lakini mdondo ungekuonyesha kuku wamezubaa, wanahema midomo wazi, kinyesi cha kijani, wengine shingo zinapinda. Tena ni virusi: hautibiwi na mwarobaini, wala shubiri, wala OTC. Dawa yake ni kuutangulia kwa tone moja la chanjo jichoni, kuku akiwa mzima, na kurudia kila miezi mitatu. Kwa kuwa mimi sijamwona kwa macho, mtenge na wenzake, nawa mikono kwa sabuni kila ukimgusa, na akizubaa wa pili ofisi ya mifugo ijulishwe.

OTC mrudishie jirani kwa heshima. Ni ya kupambana na bakteria, yai haiwezi kulisukuma. Halafu ukimpa pamoja na kalsiamu, madini ya ganda nitakayokueleza chini, vinashikana tumboni, dawa haiingii mwilini ipasavyo na kalsiamu nayo inapotea. Na kuwapa wazima sita dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao ni kuwapotezea mayai, maana hayatafaa kuliwa hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti.

Sasa kazi yenyewe. Tia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, uyapime kwa kiwiko jinsi unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, kwa hiyo maji yakipoa yanamchosha. Ongeza ya moto kidogo kidogo, pembeni, si juu yake. Mkalishe humo tumbo na nyuma vizame, kichwa na kifua juu, kwa dakika 20. Mtu mmoja amshike mabawa asipapatike. Mtoe, mkaushe kwa taulo hadi manyoya ya ndani, kwa sababu kuku mgonjwa aliyelowa hufa kwa baridi. Vaa glavu, paka mafuta ya nazi kidoleni, pakaza kuzunguka tundu na ndani kidogo tu. Ukiligusa yai, usilivute. Kisha mweke kwenye boksi lenye nguo kavu, sehemu ya joto yenye giza na utulivu, watoto wasimchungulie. Giza ni muhimu, linamtuliza na linampunguzia mwili haraka ya kuandaa yai jingine.

Dawa ya ndani ni kalsiamu. Yai huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, na karibu saa 20 kati ya hizo linavikwa ganda. Ganda moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu. Tetea anayetaga mfululizo kwa pumba na dagaa anaikopa kwenye mifupa yake. Kalsiamu hiyohiyo ndiyo inayoupa msuli nguvu ya kusukuma. Ikipungua, ganda huwa laini na msuli huchoka, na yai laini ni gumu zaidi kulitoa kwa sababu msuli haupati pa kukaza. Lile yai la ngozi la wiki iliyopita lilikuwa taarifa.

Saga maganda ya mayai yaliyokauka yawe unga, loweka kwenye maji na uji mwepesi, mpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tone kwa tone, ubavuni mwa mdomo, ameze mwenyewe. Usimwinue kichwa na kummiminia: tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, atapaliwa.

Rudia beseni baada ya saa chache. Lakini hawezi kungoja Jumatatu. Siku mbili za yai kukwama mara nyingi ndizo mwisho wake. Yai lisipotoka hadi kesho asubuhi, mtafute daktari wa mifugo yeyote amchome kalsiamu.

Kuhusu mama mkwe: usimpuuze. Kuku akifika mahali pa kulala ubavu, kichwa hakiwezi kunyanyuka, kumchinja ni kumhurumia. Ila nyama ya kuku aliyefikia hapo isiliwe, ifukiwe shimo refu mbwa wasifukue.

MamaZai_Makorora

Shikamoo mzee. Mungu akubariki sana.

Narudi na habari. Aliyemshika mabawa ni mama mkwe mwenyewe. Nilipomsomea maneno yako alikunja mikono ya gauni akasema lete beseni. Beseni la kwanza halikuleta yai, ila kuku alitulia ndani ya maji, akaacha kusukuma, akalegeza shingo. Tukamkausha, tukampa ule uji, tukamweka kwenye boksi jikoni. Tukarudia usiku.

Alfajiri nimekuta yai kwenye nguo. Limeparuza kama lililotiwa chembe za mchanga, ncha moja ganda ni jembamba linabonyea kwa kidole. Amekula punje chache za mtama mkononi mwangu.

Tatizo ni kwamba nyuma pametokeza nyama nyekundu, inang'aa, ukubwa wa zabibu. Haivuji damu. Nifanyeje?

Mfugaji_Kilifi

Alhamdulillah! Hiyo nyama ni ya ndani, imetoka kwa kusukuma sana. Usimrudishe kwa wenzake kabisa, wakiona chekundu watamdonoa hadi utumbo utoke. Mimi nilimwosha wangu na maji safi yaliyochemshwa yakapoa, nikapaka asali, uvimbe ukanywea.

BwanaMifugo_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Asali inafaa, hunyonya maji ya uvimbe. Osha, paka asali safi, subiri kidogo, halafu kwa kidole chenye glavu na mafuta isukume ndani polepole. Ikitoka tena, rudia. Ikigeuka kuwa nyeusi au ikitoa harufu, hapo ni kwa daktari, usijaribu nyumbani.

Mbakize gizani siku kadhaa, mwanga uwe saa chache tu, apumzike kutaga. Chakula kiwe laini na kidogo kidogo. Kila asubuhi gusa gole lake, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, kabla hajala: linatakiwa liwe tupu. Likiwa limejaa bado, tumbo halifanyi kazi, niambie.

MamaZai_Makorora

Imerudi ndani na imekaa. Gole lilikuwa tupu leo.

Swali la mwisho mzee. Hapa pwani makombe yamejaa ufukweni. Nikiyaponda niwachanganyie wote kwenye pumba inafaa? Nina vifaranga pia. Na fundi hapa jirani ana chokaa ya kupaka ukuta.

BwanaMifugo_Mstaafu

Chokaa ya fundi hapana, inaunguza. Makombe ndiyo, ni mazuri sana. Yaoshe chumvi itoke, yakauke, yaponde yawe chembe za ukubwa wa mtama uliopasuka, yasiwe vumbi. Chembe hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ganda linatengenezwa.

Usichanganye kwenye chakula. Weka kwenye kopo la peke yake, matetea watajilia kwa kadiri ya haja yao. Vifaranga na majogoo hawahitaji kiasi hicho, kikizidi kinawaumiza figo, kwa hiyo kopo lining'inie juu ambapo kifaranga hafiki. Na huyu kishingo akitaga tena yai la ngozi, usingoje asukume: mpe ule uji wa maganda siku hiyohiyo.